Mjumbe Haruki Neno

Asubuhi ile Timareta alikuta foleni ya maji imeshapinda kona. Aliyekuwa mbele yake alikuwa Arkhipe, mke wa mfinyanzi wa mtaa huohuo, mwanamke mwenye mdomo ambao hata wakwe zake walikuwa wakiuogopa. Maji yalitoka kivivu kwenye vinywa vya simba wa mawe, na wanawake walikuwa wameweka mitungi chini wakizungumzia jambo moja tu: sikukuu ya mungu wa mizabibu imekaribia, na mtunzi gani wa michezo ya kuigiza atavikwa taji mwaka huu.

"Nasikia shemeji yako kachukuliwa na mzee Filotadi," Arkhipe alisema bila kugeuka. "Mwigizaji wa tatu."

"Ndiyo. Ataigiza yaya, mlinzi wa lango na mjumbe."

"Vinyago vitatu! Mwambie avishike vizuri, shoga. Kwenu mna mikono inayoteleza. Mkishika kitu, mara mmekitupa."

Wanawake wawili walicheka. Wa tatu akajifanya anakohoa. Timareta alitazama maji yakijaa mtungi wa mwenzake, akangoja zamu yake, akajaza wake, akautwika. Lakini njia nzima kurudi nyumbani shingo ilimuuma, na haikuwa kwa uzito wa maji.

Maneno yale yalikuwa na mzizi wake. Mumewe, Menekrate, alikwenda na jeshi la Athene kaskazini, na jeshi likarudi limepigwa. Mifupa ya waliokufa ililetwa kwenye masanduku ya mberoshi, kila ukoo na sanduku lake, na kwa wale ambao hawakupatikana likabebwa jeneza tupu lililofunikwa shuka. Timareta alitembea nyuma ya jeneza tupu. Alilia jinsi mila inavyotaka, akakata nywele, akarudi nyumbani. Baada ya hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mifupa haipo, ngao haipo, mtu hayupo. Basi huyo aliitupa ngao akakimbia, wakasema watu, na akafia shimoni huko, au pengine hakufa kabisa, ana mke mwingine kwa washenzi. Katika mji ule, heri uitwe mwizi kuliko kuitwa mtupa ngao.

Na aliyejua ukweli alikuwa akila naye chungu kimoja. Euthidiko, mdogo wa Menekrate, alikuwepo kule. Alirudi na mguu mbovu na midomo iliyofungwa. Kila Timareta alipomuuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Alikufa, shemeji. Naapa kwa miungu, alikufa." Akiulizwa alikufaje, Euthidiko alikuwa anasimama, anachukua fimbo yake, anatoka.

Timareta alikuwa mtu wa ibada. Kila siku alimwaga tone la kwanza la mvinyo mekoni kabla mtu hajanywa, na hakupita jiwe la njia panda bila kuligusa kwa vidole. Lakini kwa mumewe hakujua amwagie wapi. Huwezi kumwagia maziwa na asali marehemu usiyejua amelala wapi. Alikuwa akimwagia kizingitini, mahali alipopita akienda, na kila mara alihisi maziwa yale hayajamfikia mwenyewe.

*

Mzee Filotadi, mtunzi, alikuwa kaka wa mama mkwe wake, Nikeso, na kwa hiyo aliingia uani bila kubisha. Alikuja siku hiyohiyo mchana, ndevu zimejaa vumbi la uwanja wa mazoezi, akajitupa juu ya kigoda.

"Mtoto wako ataniua," alimwambia dada yake.

Nikeso alikuwa anachambua sufu. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi tangu masika mawili yaliyopita, lakini ulimi wake haukuwa na ganzi yoyote. "Ungekufa zamani, Filotadi, kama watoto wa watu wangeweza kukuua. Kafanya nini?"

"Yaya anamwigiza vizuri mpaka watu wanataka kumnyonya. Mlinzi anamweza. Lakini mjumbe! Akifika palepale anasimama kama punda aliyeona maji. Mimi, mjomba wake, nimemwita gogo mbele ya kwaya nzima."

Euthidiko alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya mjomba wake, akitazama vidole vyake vya miguu.

Timareta alijua ni wapi palepale. Alikuwa akifuma kwenye kitanda chake cha mfumi wakati shemeji yake akijifunza maneno uani, na mchezo wote ulikuwa umemwingia kichwani, mstari kwa mstari. Ulihusu mwana wa mfalme aliyeingia kwenye ghala linaloungua ili aokoe sanamu ya mungu wa nyumba yao. Sanamu ilikuwa nzito. Wenzake walimpigia kelele aiache atoke. Na hapo, kwenye mstari unaosema "akatugeukia, wala hakuiacha," ndipo sauti ya Euthidiko ilipokuwa ikikatika kila siku.

"Mimi ningekuwa wewe," Nikeso alimwambia kaka yake, "ningewasha moto pale uwanjani, mtu aonekane anaungua. Watu wangepiga mayowe mpaka bandarini. Mjumbe wa nini?"

Filotadi alicheka, lakini si kicheko cha dharau. Alisogeza kigoda karibu, na Timareta akasimamisha mkono kwenye uzi, kwa sababu alipenda kumsikia mzee huyo akizungumza juu ya kazi yake. Alizungumza kama kuhani anayeeleza jinsi ya kumsogeza fahali mbele ya madhabahu.

"Wakubwa wetu walituwekea njia, dada yangu, na sijaona mwenye akili aliyejuta kuifuata. Waigizaji watatu, basi, hata watu kwenye hadithi wakiwa kumi. Kwaya inaingia kwa njia ya pembeni inaimba, ikishaingia haitoki mpaka mwisho. Iko pale, inaona kila kitu, kama majirani. Na kifo kinakaa nyuma ya mlango. Ukikionyesha, watu wataangalia damu, watasema, ile ni damu ya mbuzi, na ile kelele si ya mtu anayekufa. Watakuwa wamekukamata. Lakini mjumbe akija! Mjumbe anaanza na mwisho. Anasema, amekufa. Hapo ameshaondoa tumaini, hakuna tena wa kujidanganya. Kisha kiongozi wa kwaya anamuuliza: amekufaje, ulikuwepo? Lazima aulizwe. Bila kuulizwa hasemi. Na akishaulizwa, ni lazima aseme tangu mwanzo, na haruki neno, na hakuna anayemkatiza, hata malkia. Mama wa marehemu yuko pale amesimama. Anasikia yote. Ndiyo haki yake."

Nikeso alirudi kwenye sufu yake.

"Haya," Filotadi alisema akiinuka, magoti yakilia. "Kesho kutwa nataka mjumbe. Nisipompata kwako nitamtafuta kwa mwingine, mpwa wangu au si mpwa wangu. Na kile kinyago ukanda wake umekatika, nimekuja nacho. Timareta, mwanangu, nakuomba ukishone, vidole vyako vina macho."

Akakiweka kinyago juu ya sufu, akaenda zake.

*

Siku ya pili yake, Timareta alikaa chini ya ukuta penye jua akishona ukanda. Kinyago kilikuwa cha kitani kilichogandishwa kwa gundi, uso wa mtu mzima asiye mzuri wala mbaya, midomo wazi. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu. Haukuwa na hasira. Haukuwa na aibu pia. Ulikuwa uso wa mtu aliyetembea mbali ana jambo la kusema.

Ilikuwa alasiri Euthidiko aliporudi kutoka sokoni na samaki wawili wadogo kwenye uzi.

"Weka samaki hapo," mama yake alimwambia kutoka kivulini. "Mjomba wako kasema kesho. Hebu fanya hayo maneno tukusikie. Timareta atauliza ya kwaya, anayajua kuliko hao wanakwaya wanaokula bure shayiri ya tajiri anayewagharimia."

"Mama, nimechoka."

"Umechoka na nini, kubeba dagaa wawili? Vaa hiyo sura yako."

Timareta alikata uzi kwa meno, akampa kinyago. Euthidiko akakivaa, akafunga ukanda kisogoni, na shemeji yake mwoga wa macho akatoweka. Palibaki yule mtu aliyetembea mbali. Akaenda mpaka mlango wa nje, akarudi akiburuta mguu, na sauti ikatoka ndani ya kitani, nzito, si ya kila siku.

"Mwana wa mfalme amekufa, enyi wazee. Nimeanza na mwisho ili msinisikilize kwa matumaini."

"Amekufaje?" Timareta aliuliza. "Ulikuwepo? Sema tangu mwanzo, wala usiruke neno."

Akasema. Alisema juu ya ghala, na upepo, na jinsi moto ulivyoshika nyasi za paa. Alisema vizuri mpaka Nikeso akasahau sufu mkononi. Kisha akafika palepale.

"Tukampigia kelele: iache, utoke! Naye..."

Kinyago kikabaki na midomo wazi, hakuna sauti. Kifua cha Euthidiko kilikuwa kinapanda na kushuka.

Timareta aliweka sindano chini. Alijua zamu yake ilikuwa imekwisha, kwaya haina mstari pale. Lakini alisimama. Alisimama mbele ya kinyago, si mbele ya shemeji yake, na akauliza kama kiongozi wa kwaya anavyouliza, bila kubembeleza na bila kulia.

"Mjumbe. Menekrate amekufaje? Ulikuwepo? Sema tangu mwanzo, wala usiruke neno."

Nikeso alivuta pumzi kwa nguvu.

Kwa kitambo Timareta alidhani atavua kinyago achukue fimbo atoke kama siku zote. Mkono ulikwenda kisogoni. Ukaugusa ukanda. Ukashuka.

"Menekrate amekufa," mjumbe alisema. "Tulifika mtoni alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji yalikuwa mekundu. Mimi nilikuwa nimeshavushwa kwa mtumbwi pamoja na wagonjwa kwa sababu ya mguu, nimeketi ng'ambo juu ya magunia. Menekrate na wenzake walikuwa nyuma, na nyuma yao wapanda farasi wa adui. Mtumbwi ulikuwa mmoja. Hawakuweza kungoja. Wakaingia majini, shemeji, kwa..."

"Mimi ni kwaya," Timareta alisema. "Endelea, mjumbe."

"Wakaingia majini, enyi wazee, kwa safu, kama walivyofundishwa. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani. Ngao inabeba maji kama sinia. Wa mbele akaiachia yake. Ikaelea kidogo, ikazama. Wa nyuma yake akamwona, akaiachia. Kisha nikaona zinaondoka moja moja mtoni, shaba inang'aa kwenye maji mekundu, na watu wanapiga mbizi, wanaogelea, wanatoka. Menekrate alikuwa katikati. Nilimjua kwa kofia ya sufu aliyoshonewa na mkewe. Nikampigia kelele: iache! Waliokwishatoka wakageuka, wakampigia kelele wote: iache, wewe, iache! Naye akatugeukia, wala hakuiacha."

Sauti haikukatika. Mstari wa mchezo na mstari wa mtoni ulikuwa mmoja, na alikuwa ameupita.

"Aliogopa?" Timareta aliuliza.

"Mjumbe anasema alichokiona. Sikuona uoga. Mkono wake ulikuwa umepita kwenye pete ya ngao mpaka kiwiko. Labda hakutaka kuitoa, labda alichelewa kuitoa. Nilichokiona ni kwamba aliinyanyua juu ya maji, kama mtu anayenyanyua mtoto asilowe. Akapiga hatua tatu au nne hivyo. Kisha mto ukaisukuma ngao, ikamlalia, na kofia ikaonekana mara moja. Tulimtafuta kufuata mto unakoteremkia mpaka tukakatazwa. Nimesema yote. Sikuongeza."

Euthidiko alivua kinyago. Uso wake ulikuwa umelowa, na kitani ndani kilikuwa kimelowa vilevile. Akaketi chini pale alipokuwa amesimama.

Wa kwanza kusema alikuwa Nikeso. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye mikunjo ya mashavu yake bila yeye kuyafuta. "Mkaidi yule. Tangu mchanga hakuwa mtu wa kuachia kitu. Nilimwachisha ziwa kwa kupaka nyongo ya mbuzi. Unajua alifanya nini? Aliilamba."

Timareta akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua, na nyuma yake kikatoka kilio, kile alichokuwa amekikosa nyuma ya jeneza tupu. Siku ile alikuwa amelilia shuka. Sasa alikuwa na kofia, na mto, na ngao iliyonyanyuliwa juu. Alilia mpaka akanyamaza mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza baadaye, na sasa alikuwa akizungumza na shemeji yake.

"Ningekwambiaje? Nikisema ndugu yangu hakuiacha, wataniuliza, basi ni akina nani walioziacha? Wote waliotoka hai waliacha, shemeji. Wote. Walirudi wakasema ngao zilichukuliwa na mtumbwi uliopinduka. Ni majirani zetu. Wakijulikana, hawatafungua tena mdomo barazani, watoto wao watakuwa watoto wa watupa ngao. Na kila nilipotaka kuanza, sikujua nianzie wapi. Niliona nikisema neno moja yatatoka yote."

"Mume wa Arkhipe?"

Euthidiko alitazama samaki wake. "Alikuwa wa mbele," alisema.

Siku ile hawakumwaga maziwa kizingitini. Timareta alichukua maziwa na asali akashuka mpaka kijitoni, nje kidogo ya ukuta wa mji, Euthidiko akimfuata na fimbo yake, akamwaga taratibu majini, akaona weupe ukinyooka kama uzi ukaenda. Alisema jina la mumewe kwa sauti. Kwa mara ya kwanza aliona yamemfikia.

*

Siku ya mchezo, mji mzima ulipanda kilimani tangu alfajiri, na mito ya kukalia na mbaazi za kukaanga. Wanawake walikaa juu kabisa, penye upepo. Timareta alitafuta nafasi, na nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya Arkhipe.

"Karibu, shoga," Arkhipe alisema, akasogea. "Leo tumeletewa nini? Shemeji yako akidondosha kinyago nitakuwa wa kwanza kukiokota."

Neno lilikuwepo kwenye ulimi wa Timareta. Lilikuwa neno fupi, na lingemnyamazisha Arkhipe maisha yake yote, na foleni nzima ya maji pamoja naye. Alilihisi kama mtu anavyohisi mbegu ya zeituni mdomoni. Kwa upande wa pili wa Arkhipe alikuwa ameketi mama yake mzee, anamenya yai.

Zumari ikalia chini, na kilima kikanyamaza.

Kwaya iliingia kwa njia ya pembeni, safu tatu, watu watano kila safu, wale hodari upande wa kushoto unaoelekea watu, na wale wazito wamefichwa katikati ili mguu ukikosea usionekane. Timareta aliupenda mpango ule. Aliona kama wema: kwamba waliotunga njia hii zamani walijua si kila mtu hodari, wakamtengenezea dhaifu mahali pa kusimama bila aibu. Walizunguka uwanja wakiimba wimbo wa kwenda, na walipofika mwisho wakarudi na wimbo wa kujibu, hatua zilezile, mapigo yaleyale, maneno mengine. Kila jambo lililosemwa lilijibiwa kwa uzito wake. Hakuna kilichobaki kinaning'inia. Katika maisha yake Timareta aliona mambo mengi yakienda bila kurudi, na kwa hiyo aliweza kukaa siku nzima akitazama wimbo ukirudi.

Neno lilikuwa bado mdomoni. Alilimeza kwanza, asikilize.

Yaya akaja, akachekesha, akaingia ndani. Mlinzi akaja. Malkia alisimama mbele ya mlango mkubwa akingoja. Kisha kwenye njia ya pembeni akatokea mtu anayeburuta mguu, na wale waliokaa chini walidhani mguu ule ni wa mchezo.

"Mwana wa mfalme amekufa, enyi wazee."

Aliulizwa. Akasema tangu mwanzo. Hakuna moto uliowashwa, hakuna damu, palikuwa na mtu mmoja na uso wa kitani na mikono yake miwili, na maelfu ya watu wakaona ghala linaungua. Malkia hakutikisika. Hakumkatiza. Mjumbe alipofika kwenye kelele za wenzake, aliinua mikono juu, kidogo tu, kama mtu anayenyanyua mtoto asilowe. Hilo Filotadi hakumfundisha.

"Tukampigia kelele wote: iache, utoke, iache! Naye akatugeukia, wala hakuiacha."

Kilima kizima kilitoa sauti moja, kama ng'ombe anayelala. Na hapo Timareta akahisi mkono wake umeshikwa. Arkhipe alikuwa amemshika bila kumtazama, macho yapo chini uwanjani.

"Mume wangu," Arkhipe alinong'ona, "husema hilo usingizini. Iache, iache. Tangu arudi. Ananiamsha kwa kelele, na akiamka hajui. Anaambiwa aache nini, shoga? Au anamwambia nani?"

Timareta alielewa basi kwamba mwenzake hakujua. Vijembe vyote vile vya kwenye foleni ya maji vilikuwa vya mtu anayesikia kelele ndani ya nyumba yake mwenyewe na kupiga kelele nje ili asizisikie. Na sasa alikuwa amemuuliza. Aliyeulizwa lazima aseme, ndivyo ilivyo pale chini uwanjani. Lakini Timareta alitazama kinyago kule chini, na akakumbuka: mjumbe anasema alichokiona. Yeye hakuwepo mtoni. Habari ya mumewe alikuwa amepewa yeye na mwenye haki ya kumpa. Habari ya mume wa Arkhipe ilikuwa na mjumbe wake mwingine, naye analala kitanda kimoja na Arkhipe.

"Langu naweza kukwambia," alisema. "Menekrate alizama mtoni na ngao yake mkononi. Hakuiacha. Nimeambiwa na aliyeona kwa macho yake."

Arkhipe aligeuka akamtazama. Rangi ilimpanda usoni, ikashuka. "Na mimi nimesema... pale kwenye maji, mbele ya watu..."

"Ulisema."

"Kwa nini hukunipiga na mtungi?"

"Mtungi ungevunjika. Kwako wafinyanzi, kwangu hakuna."

Arkhipe alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya joho. "Na langu?"

"Langu ndilo ninalolijua. Lako muulize mumeo. Muulize mchana, mkiwa wawili, mwambie aseme tangu mwanzo. Akianza usimkatize, hata ukisikia neno gani. Msikilize kama yule malkia anavyosikiliza. Halafu fanya utakavyofanya."

Mama yake Arkhipe aliwaambia wanyamaze, kwaya inaanza. Ikaanza. Ikaenda kulia na wimbo wake, ikarudi kushoto na jibu lake. Mkono wa Arkhipe haukuachia ule wa Timareta mpaka safu zikatoka kwa njia ileile ziliyoingilia, zumari ikififia nyuma ya kilima.

*

"Mmeshinda?" Nikeso alipiga kelele kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Wa pili, mama," Timareta alisema.

"Wa pili kati ya wangapi?"

"Watatu."

"Aah. Filotadi atakuja kulia hapa kesho, tuweke mvinyo. Na mwanangu?"

"Watu wamembeba juu. Yuko huko na wenzake, usimngoje kula."

Bibi kizee aliweka sufu pembeni, akanyoosha miguu yake iliyokufa juu ya ngozi ya kondoo, akafuta mahali kando yake kwa kiganja. Tangu masika mawili yaliyopita hakuwa ameweza kupanda kilima kile, na Timareta aliona jinsi alivyokuwa amechana nywele na kuvaa joho la sikukuu, peke yake hapa uani, kama mtu aliyekaa nafasi ya mbele.

"Keti," alisema. "Alikufaje yule mtoto wa mfalme? Ulikuwepo. Sema tangu mwanzo."

Timareta alivua viatu, akamwaga tone la mvinyo mekoni, akaja akasimama mbele ya mkwewe. Hakuketi. Mjumbe haketi.

"Wa kwanza kuingia," alianza, "alikuwa mpiga zumari."